Futi Mia na Arobaini na Mbili

Herufi za mwanzo za majina yake zilikuwa mbili tu, N na F, na ndiyo maana kazi ilikwenda haraka. Nadine Fultz alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katika chumba cha mashuka, faili jekundu likiwa magotini, akijaza visanduku. Tarehe. Umbali kwa futi. Dakika. N.F. Kisha kisanduku kinachofuata. Nje ya mlango miguu ilikuwa ikikimbia, jambo lisilo la kawaida. Katika kituo kile cha uuguzi na mazoezi watu walitembea haraka, lakini hawakukimbia.

Wakaguzi wa jimbo la Ohio walikuwa wameingia saa mbili kasorobo asubuhi, wanne, wakiburuta mikoba yao ya magurudumu juu ya theluji iliyoanza kuyeyuka. Dakika tatu baadaye kipaza sauti kilisema kwa sauti tamu, "Tunawakaribisha wageni wetu," na kila mfanyakazi akaelewa. Mhasibu akaonekana akigawa maji ya kunywa vyumbani. Meneja, ambaye Nadine hakuwahi kumwona akigusa kiti cha magurudumu, alikuwa akimsukuma bibi mmoja kwenda kifungua kinywa, huku akimwita kwa jina lisilo lake. Na Colleen Dietz, muuguzi mkuu, alimshika Nadine kiwiko, akamwingiza humo kwenye mashuka na kuurudisha mlango.

"Hili faili lina wiki tano tupu," Colleen alisema.

"Kwa sababu wiki tano hakuna aliyetembea."

"Najua, dada yangu. Si ndiyo nakwambia, jaza tu kile ambacho kingefanyika?" Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa kazini tangu jana mchana, maana wa zamu ya usiku hakutokea. "Una saa nzima. Na usitumie kalamu moja."

Akatoa kalamu tatu mfukoni, mbili nyeusi na moja ya bluu, akaziweka juu ya rundo la foronya, akaondoka.

Nadine alikuwa na miaka hamsini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika korido zile. Alikuwa msaidizi wa wauguzi, ila kazi yake ilikuwa tofauti kidogo na ya wenzake. Wataalamu wa viungo wakishamaliza siku zao na mtu, yeye ndiye aliyempokea na kuendelea kumtembeza kila siku ya kazi, ili kile alichokipata kisipotee. Alikuwa na watu kumi na mmoja. Vifaa vyake vilikuwa mkanda mpana wa kumfunga mtu kiunoni, ili apate pa kumshikia, na subira. Wenzake walimtania kwamba analipwa kwa kuzurura na wazee. Yeye alijua nani huanza na mguu gani, nani hushikwa na kizunguzungu akigeuka kushoto, na nani asiyependa kuhesabiwa kwa sauti.

Tarehe sita Januari wasaidizi wawili waliacha kazi siku moja. Nadine akahamishiwa kwenye kazi ya wote: kuosha, kubadilisha pampasi, kulisha, kugeuza, watu kumi na wanne kwenye orodha yake. "Wiki moja tu," Colleen alimwambia. Wiki ikawa mbili. Baada ya hapo hakuna aliyetaja tena habari za wiki.

Katika chumba namba ishirini na tatu aliishi Wendell Skaggs, mpima ardhi mstaafu mwenye miaka themanini na mitatu. Mwezi wa Septemba aliteleza jikoni kwake akavunjika nyonga. Hadi kufikia Krismasi alikuwa akiinuka kitandani, anashika fremu yake ya kutembelea, na kwenda mpaka kwenye tangi la samaki mwisho wa korido, Nadine nyuma yake, mkono kwenye mkanda. Sakafu ilikuwa ya vigae vya futi moja moja. Siku ya kwanza alipofika kwenye tangi, alikataa kukaa kitini kabla ya kuambiwa kipimo.

"Futi mia na arobaini," Nadine alisema.

"Mia na arobaini na mbili. Umeviruka vile viwili vya mlangoni. Sajini, usinimegee ardhi yangu." Sajini ndilo jina alilompa Nadine.

"Futi mbili zitakufaa nini, mzee?"

"Nimeona majirani wakitoleana bunduki kwa futi mbili, wee. Tena watu wa kanisa moja."

Tangu hapo ukawa mchezo wao. Nadine huandika mia na arobaini, mzee humtangaza mwizi mbele ya samaki, na wale bibi wawili waliokuwa wakikaa pale siku nzima hucheka kama vile hawajawahi kuusikia.

Januari ilipofika Wendell aliendelea kujiandaa. Saa tatu asubuhi alikuwa ameshaketi ukingoni mwa kitanda, viatu mguuni, kamba zimefungwa vizuri. Nadine akipita na beseni, mzee huuliza, "Leo, Sajini?" Naye hujibu, "Baadaye, mzee." Wiki ya kwanza alimaanisha. Wiki ya pili maneno yalimtoka kama vile mtu asemavyo pole kwa aliyemkanyaga dukani. Wiki ya tatu mzee alikuwa amevaa soksi tu, na hakuuliza. Nadine aliliona hilo, aliliona vizuri, kama mtu anavyoona kwamba nje kunanyesha. Kisha akapita, kwa kuwa kengele ya chumba ishirini na saba ilikuwa imelia kwa nusu saa.

Jambo lililomshangaza baadaye ni kwamba halikumuuma. Alirudi nyumbani, akala biskuti za chumvi amesimama kwenye sinki, akalala, akaamka, akarudi. Mikono yake ilipasuka kwa kunawa. Hata hiyo haikuuma sana.

Basi akajaza. Na aligundua kwamba alijua namna ya kujaza. Jumanne ni siku ya Wendell kuogeshwa, na maji ya moto humlegeza, kwa hiyo akaandika mia na ishirini. Alhamisi binti yake hupiga simu kutoka Arizona, naye huwa na haraka ya kurudi chumbani, kwa hiyo dakika akazipunguza. Katika ile wiki ya theluji kubwa viungo vyake vingekaza, akamwandikia tisini, kisha mia na tano, kisha akamrudisha polepole mpaka kwenye tangi. Alibadilisha kalamu. Mahali pamoja aliandika kwamba alipumzika mara mbili. Ilikuwa kazi safi. Hakuwahi kuandika rekodi iliyofanana zaidi na mtu yule, na ndani yake hapakuwa na hata futi moja iliyotembewa.

Mkaguzi aliyepangiwa upande wao aliitwa Bi Renata Oakes, mwanamke mrefu mwenye sweta lililokwisha viwiko. Hakuwa mkali. Aliuliza mambo kwa sauti ile ile, awe anauliza choo kiko wapi au dawa ipi ilichelewa. Saa nne alichagua majina matatu kutoka kwenye faili jekundu, na la kwanza likawa Skaggs.

"Ningependa kumwona akitembea," alisema.

Walikwenda wote watatu, Colleen akiwa nyuma. Wendell alikuwa kitini, nywele zimechanwa kwa maji kama za kila mtu siku ile. Nadine akapiga goti kumvisha viatu. Aliponyanyua mguu wake, paja likamjia mkononi jepesi, nyama imelegea juu ya mfupa kama soksi kubwa. Alikuwa amemwosha mtu huyu mara ngapi mwezi huu? Mikono yake ilikuwa imelishika paja hili, na haikumwambia kitu.

Akamfunga mkanda.

"Pua mbele ya vidole, mzee. Kwa tatu. Moja, mbili..."

Wendell alisukuma. Aliinuka kiasi cha kiganja kutoka kitini, mikono ikitetemeka juu ya fremu, midomo imebanwa, kisha akarudi chini kwa kishindo. Wakajaribu tena. Mara ya pili hakufika hata pale.

Bi Oakes alifunua ukurasa. "Bwana Skaggs, hapa naona Ijumaa ulitembea futi mia na arobaini."

Mzee aliutazama ukurasa, ingawa kwa macho yake asingeweza kusoma kitu kutoka pale. Akavitazama vidole vya Nadine vilivyoushika mkanda, vyenye wino wa bluu upande huu na mweusi upande ule. Kisha akamtazama usoni, kwa muda, kama mtu anayechungulia kwenye darubini ya kazi yake ya zamani.

"Mia na arobaini na mbili," akasema. "Huyu hunimegea mbili kila siku. Liandike hilo, maana nimeshalalamika nikachoka."

Bi Oakes akatabasamu kidogo. "Na leo?"

"Leo nakataa. Ni haki yangu kukataa, imebandikwa pale ukutani. Nimelala vibaya, na sitaki kuzungushwa mbele ya wageni kama farasi wa mnadani."

"Sawa kabisa," Bi Oakes alisema, akaandika. Nadine aliiona kalamu ikienda. Lilikuwa neno moja: amekataa.

Kwenye korido, mkaguzi alipokwisha kutangulia, Colleen alimkamata Nadine mkono akaubana. "Mungu ampe maisha yule babu. Umeona? Ndiyo njia hiyo. Akikataa mara tatu tunamtoa kwenye orodha ya kutembezwa, na hapo hakuna wa kutuuliza."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Akishatolewa."

Colleen alimtazama kama vile ameulizwa kwa lugha ngeni. "Ana kiti, Nadine. Kizuri tu," akasema, na kwenye mkono wake kile kidude cha kuitia wauguzi kikaanza kulia, naye akaenda.

Nadine alifanya kazi mpaka saa saba. Alilisha watu watatu viazi vya kuponda na bata mzinga. Alimbadilisha bibi wa chumba ishirini na saba, ambaye siku ile kengele yake ilijibiwa kwa dakika mbili, mpaka mwenyewe akauliza nani kafa. Wakati wa mapumziko alikwenda kukaa ndani ya gari lake bila kuliwasha. Alijisugua vidole kwa kitambaa chenye majimaji. Wino wa bluu ulitoka, mweusi ukagoma. Hakuwa na hasira wala hakujihisi jasiri. Hakuwa na maneno yoyote aliyoyapanga. Alikaa mpaka kioo cha mbele kikafunikwa na pumzi yake, kisha akateremka, akaingia ndani, akakipita chumba cha wafanyakazi ambako angetakiwa kuingia, akajikuta mbele ya chumba cha mikutano.

Bi Oakes alikuwa peke yake, akila mkate wenye mayai aliotoka nao kwake. Akajifuta mdomo.

"Bwana Skaggs hakukataa," Nadine alisema.

"Karibu ukae."

"Nitasimama tu. Hakukataa, hawezi. Hajatembea tangu tarehe sita Januari, wala wale wengine kumi. Visanduku vile nimevijaza leo asubuhi."

Mkaguzi aliuweka mkate chini, polepole. "Nani alikuambia uvijaze?"

"Mkono ni wangu."

"Sikuuliza mkono. Nimeuliza nani alikuambia."

Mahali fulani ukutani mashine ya joto iliguna na kuanza kupuliza.

"Colleen Dietz," Nadine alisema. "Lakini alikuwa kazini tangu jana mchana. Tulikuwa wasaidizi watatu kwa watu arobaini na wawili. Uyaandike na hayo."

"Nitayaandika. Unaelewa cheti chako cha kazi..."

"Naelewa."

Bi Oakes alivuta kiti cha pili kwa mguu, na safari hii Nadine akakaa. Walilipitia faili lote, ukurasa baada ya ukurasa, mtu baada ya mtu. Kila mahali mkaguzi aliuliza ni namba zipi za kweli, na Nadine akajibu hakuna, hakuna, na hapa pia hakuna. Sauti yake ilikuwa kavu, kama anasoma orodha ya sabuni za kuagiza. Walipofika kwenye karatasi za Desemba za Wendell Skaggs, Bi Oakes aliinua kalamu.

"Na hizi?"

"Hizo alitembea."

"Zote?"

"Zote. Ila kila penye mia na arobaini, ongeza mbili."

Mkaguzi alimtazama kuona kama ni mzaha. Halafu akaandika.

Ijumaa ya wiki ile Nadine alifukuzwa kazi. Barua ilisema ameghushi kumbukumbu za wagonjwa, na hakuna neno ndani yake lililokuwa uongo. Ya pili ilitoka jimboni: cheti chake kimesimamishwa mpaka shauri lake lisikilizwe, na tarehe watamjulisha. Colleen aliondolewa wiki iliyofuata. Kituo kiliandikiwa makosa yake, kikaahidi kwa maandishi kuyarekebisha, kikaajiri watembezaji wawili. Habari hizi alizipata kwa simu kutoka kwa Tawny, msaidizi mwenzake, ambaye alipenda kusimulia huku anatafuna kitu.

"Mzee wako wamempima upya," Tawny alimwambia mwezi Machi. "Wamemrudisha kwenye mazoezi. Majuzi kasimama kati ya zile nguzo mbili za kushikia, sekunde kumi na tisa. Mtaalamu akaandika ishirini, weee! Mzee kagoma kukaa mpaka yule akafuta."

"Hatua je?"

"Hatua bado." Akatafuna. "Mwezi mmoja wa kukaa, kwa umri ule, unajua mwenyewe. We hujambo lakini?"

"Sijambo."

Alikuwa amepata kazi ya kufua mashuka kwenye moteli kando ya barabara kuu. Mashuka yaliingia machafu na kutoka meupe, na hakuna lililomuuliza kitu. Alikuwa akingoja kuumia. Alidhani siku moja itamjia kwa mkupuo, labda akiwa anakunja taulo, labda kwenye foleni ya duka, majuto au aibu au hata nafuu. Kilichokuja ni usingizi. Alilala kwa muda wa saa kumi, hata kumi na moja, akaamka na alama za mto shavuni.

Jumapili ya pili ya Aprili alikwenda. Aliandika jina lake kwenye daftari la wageni, akapewa kibandiko cha kuvaa kifuani, na msichana wa mapokezi asiyemfahamu akamweleza kwamba wageni hawaruhusiwi kuwainua wakazi wala kuwashika wakitembea. Nadine akasema sawa.

Wendell alikuwa dirishani. Alikuwa amepungua, na kola ya shati ilimwachia nafasi shingoni. Alimwangalia Nadine akivuta kiti, hakumsaidia kwa salamu.

"Umepata kazi?" hatimaye akauliza.

"Nafua mashuka. Moteli."

"Wanakulipa?"

"Kiasi."

Mzee alikunja kitambaa chake cha mkononi, akakikunjua. "Miaka arobaini na mmoja nimepima ardhi," akasema. "Watu wamenipa pombe, wamenipa nyama ya paa, kuna mmoja alitaka kunipa gari. Sikuandika kipimo cha uongo hata kwa ndugu yangu wa tumbo moja. Kimoja tu nimesema maishani, tena mbele ya serikali, kwa ajili yako. Na we ukatoka pale ukaenda kukitupa."

"Najua, mzee."

"Basi kwa nini?"

Nadine alilitafuta jibu. Alijua kwamba lipo mahali, kwa sababu miguu yake ilikuwa imelifuata siku ile kutoka kwenye gari mpaka chumba cha mikutano.

"Sijui," akasema.

Wendell alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alikuwa ameshachoka na hasira siku nyingi. Akakitia kitambaa mfukoni.

"Kusukuma kiti unaruhusiwa?"

"Kusukuma naruhusiwa."

"Nitoe nje basi. Humu ndani kunanuka supu."

Nje jua lilikuwepo, bila joto. Kando ya mlango mkuu, kwenye tuta la maua ambamo hakuna aliyepanda kitu mwaka ule, bata bukini jike alikuwa amejitengenezea kiota cha majani makavu na vipande vya karatasi. Mtu alikuwa ameweka koni ya rangi ya machungwa na kadi iliyosema watu wapite upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa na ngazi tatu.

Nadine alisukuma kiti hatua mbili. Bata akainua shingo, akafungua mdomo, akawazomea kwa pumzi ndefu iliyokauka. Nadine akasimama.

"Turudi?" aliuliza.

"Funga breki," Wendell alisema.

Akazifunga. Ndege aliwatazama kwa jicho moja, mabawa yamefunguka nusu. Baada ya muda aliyakunja. Aliinuka kidogo, akaingiza mdomo chini ya tumbo lake, akageuza mayai, moja, jingine, jingine, bila haraka, kisha akakaa tena juu yake na kujitikisa mpaka manyoya yakakaa sawa. Hawakupita, wala hawakurudi. Nyuma yao mlango unaofunguka wenyewe, kwa kuwa walikuwa wamesimama karibu nao mno, ukafunguka, ukajifunga, ukafunguka tena.